Daftari la Barafu

Kila parokia ina vitabu vyake. Ndani yake zimeandikwa siku za ubatizo, za ndoa na za mazishi. Mtu akitaka kujua babu yake alibatizwa mwaka gani, haulizi upepo: huenda ofisini, kitabu hufunguliwa, na wino wa zamani humjibu. Lakini kitabu kikinyeshewa na mvua, au kikiliwa na mchwa, nani atamjibu? Waliojua wamekwisha kufa.

Leo tunataka kuwaeleza habari za daftari jingine, la zamani kuliko vitabu vyote. Halikuandikwa na mtu. Kurasa zake ni theluji, na wino wake ni vumbi, majivu na hewa. Limelala katika ncha mbili za dunia, mahali ambapo wengi wetu hatutafika kamwe. Tutaona jinsi watu walivyojifunza kulisoma, na gharama waliyolipa, na maneno waliyoyakuta ndani yake. Mwishoni tutaona pia kwa nini wasomaji wake sasa wana haraka.

1. Mwindaji wa Lourtier

Habari hizi zinaanza mbali na ncha za dunia, katika milima ya Uswisi. Katika bonde la Bagnes, kijijini Lourtier, aliishi mtu mmoja jina lake Jean-Pierre Perraudin. Alikuwa mkulima na mwindaji wa milimani, si mtu wa shule kubwa. Lakini macho yake yalikuwa macho ya mwindaji: hayakupita alama njiani bila kuiuliza imetoka wapi.

Barafu ya milimani haitulii. Hushuka polepole kama uji mzito, huku ikiburuta mawe na kuchora mistari katika miamba. Perraudin aliiona mistari hiyo kando ya barafu. Kisha akaiona mistari ya namna ile ile, na mawe makubwa ya kigeni, chini kabisa bondeni, mahali pasipo barafu hata kidogo. Akafahamu kwamba zamani barafu ilishuka mpaka huko.

Mwaka 1815 mgeni mmoja alilala nyumbani kwake, naye ni Jean de Charpentier, mkuu wa machimbo ya chumvi ya Bex. Mwindaji akamweleza mawazo yake. Mgeni aliyaona ni ya ajabu mno, hayastahili hata kuchunguzwa. Siku zile wengi wenye elimu walifikiri kwamba mawe yale yaliletwa na mafuriko makubwa ya maji.

Lakini injinia mmoja, Ignaz Venetz, alimsikiliza Perraudin. Mwaka 1829 alisimama mbele ya mkutano wa wenye elimu katika nyumba ya watawa ya Grand Saint-Bernard, akasema kwamba barafu ya kale ilifunika nchi kubwa. Charpentier akataka kumwonyesha rafiki yake kosa lake. Akazunguka milimani, akatazama, akapima. Kumbe, alipomaliza kazi, yeye mwenyewe alikuwa amesadiki! Naye akamsadikisha Louis Agassiz, ambaye mwezi wa Julai 1837, mjini Neuchâtel, alitangaza kwamba kulikuwa na wakati barafu ilipoenea juu ya sehemu kubwa ya Ulaya. Wengi walimpinga. Lakini mawe yalikuwa upande wake.

Hata hivyo mawe hayasemi yote. Ukiona nyayo za mgeni mbele ya mlango wako, wajua kwamba amepita. Hujui alikuja na habari gani. Alama za miamba zilionyesha kwamba barafu ilipita. Hazikusema baridi ilikuwa kiasi gani, wala hewa ya siku zile ilikuwa namna gani. Ili kuyajua hayo, ilibidi kuiuliza barafu yenyewe.

2. Jinsi theluji inavyoandika

Antaktika ni nchi ya ncha ya kusini. Barafu yake imeenea juu ya kilometri za mraba karibu milioni 14, yaani kama Kongo yetu mara sita. Unene wake kwa kawaida ni kilometri 2 hivi, na mahali pengine hupita 4. Greenland ni kisiwa kikubwa cha upande wa kaskazini. Barafu yake ni ndogo kuliko ile ya kusini, lakini katikati yake unene hupita kilometri 3. Kama barafu hizo mbili zingeyeyuka zote, bahari ingepanda zaidi ya metri 60.

Mtauliza: Barafu nyingi hivyo ilitoka wapi? Si maji ya ziwa yaliyoganda. Ni theluji tu. Katika nchi hizo theluji ya mwaka huu haiyeyuki, na ile ya mwaka ujao huilalia juu. Haba na haba hujaza kibaba. Kila tabaka hukandamizwa na lile la juu yake, hata theluji iliyokuwa laini kama pamba huwa ngumu kama jiwe. Na kwa kuwa theluji ya majira ya joto haifanani na ile ya majira ya baridi, pale inapoanguka kwa wingi mtu aweza kuhesabu miaka, tabaka kwa tabaka.

Tena theluji haishuki peke yake. Huleta vitu vilivyomo angani: vumbi la majangwa, chumvi ya bahari, majivu na tindikali za milima ya moto. Sisi watu wa Kivu tunaijua hesabu ya namna hii. Huko Goma mtu husema: Fulani alizaliwa kabla ya moto wa Nyiragongo wa mwaka 1977, nyumba hii ilijengwa baada ya ule wa 2002, mtoto huyu alikuwa mgongoni mwa mama yake tulipokimbia mwaka 2021. Wasomaji wa barafu nao hufanya vivyo hivyo. Mlima Tambora wa Indonesia ulipopasuka mwaka 1815, mwaka ule ule mwindaji wa Lourtier alipozungumza na mgeni wake, tindikali yake ilianguka Greenland na Antaktika pia. Wakilikuta tabaka hilo, hujua: Hapa ndipo siku za Tambora.

3. Wafu wa mwaka 1930

Mwaka 1930 Mjerumani Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa, aliongoza safari ya kuchunguza barafu ya Greenland. Alitaka watu wakae katikati ya kisiwa mwaka mzima, hata katika giza la majira ya baridi, wakipima bila kukosa siku. Kituo hicho kiliitwa Eismitte, maana yake Katikati ya Barafu. Kutoka pwani ya magharibi ni safari ya kilometri 400.

Vyakula na mafuta vilichelewa. Mwezi wa Septemba Wegener mwenyewe aliondoka pwani na magari ya kukokotwa na mbwa, pamoja na mwenzake Fritz Loewe na wenyeji kadhaa wa Greenland. Baridi ilikuwa kali mno, na wengi wa wenyeji wakarudi. Mmoja alibaki, kijana Rasmus Villumsen. Baada ya siku 40 hivi, tarehe 30 Oktoba, watatu hao wakafika. Vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimekufa kwa baridi, ikabidi wenzake wavikate kwa kisu cha mfukoni.

Akiba ya kituo haikuweza kuwalisha watu watano mpaka mwisho wa majira ya baridi. Basi tarehe 1 Novemba, siku alipotimiza miaka 50, Wegener akaanza safari ya kurudi pwani pamoja na Villumsen. Hawakufika. Mwezi wa Mei 1931 mwili wa Wegener ulionekana njiani, umezikwa kwa uangalifu ndani ya theluji. Aliyemzika ni Villumsen. Yeye mwenyewe hakuonekana mpaka leo, wala hakuna aliyemzika.

Waliobaki Eismitte walikuwa watatu: Johannes Georgi, Ernst Sorge na huyo Loewe asiyeweza kutembea. Waliishi katika pango walilolichimba ndani ya barafu. Huko Sorge akachimba shimo la kwenda chini metri 15. Katika kuta za shimo hilo akapima uzito wa theluji, tabaka kwa tabaka, majira kwa majira, miaka iliyopita ikizidi kushuka chini ya miguu yake. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kulifungua daftari hili ukurasa kwa ukurasa. Metri 15 si nyingi. Lakini njia ilikuwa imeonekana.

4. Chupa katika bustani

Kuhesabu kurasa si kusoma. Aliyepata herufi za kusomea alikuwa Mdenmark mmoja, Willi Dansgaard, wala hakuzipata penye barafu, bali bustanini kwake mjini Copenhagen. Mwezi wa Juni 1952 mvua ilikuwa ikinyesha. Akaweka nje chupa tupu na kikorombwe juu yake, akakusanya maji ya mvua saa kwa saa, kisha akayapima kwa mashini.

Maji yote si ya uzito mmoja. Okisijeni iliyomo ndani yake ni ya aina zaidi ya moja, na chembe chache za maji ni nzito kidogo kuliko nyingine. Mawingu yakisafiri kutoka bahari za joto kwenda nchi za baridi, huangusha maji njiani, na maji mazito hutangulia kuanguka. Ni kama wapagazi katika safari ndefu: wenye mizigo mizito huitua kwanza. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo maji mazito yanavyopungua katika theluji inayofika mwisho wa njia. Basi ukipima theluji ya kale, wajua kama siku zake zilikuwa za baridi au za joto. Dansgaard aliandika mawazo hayo mwaka 1954. Alikosa kitu kimoja tu: barafu ya kale yenyewe.

Aliipata kwa watu ambao hakuwatazamia. Katika miaka ya 1959 na 1960 jeshi la Marekani lilijenga kambi chini ya theluji ya Greenland, jina lake Camp Century, yenye mashini ya nguvu za atomiki. Wakubwa wa jeshi walikuwa na shabaha ya kuficha makombora chini ya barafu. Lakini barafu haikai mahali pamoja: ilizibana njia za kambi, na mwaka 1967 kambi ikaachwa. Mpango wa vita ukafa, ila kazi moja iliyofanyika hapo haikufa. Mafundi walikuwa wametoboa barafu kwa mashini, wakitoa fimbo nene za barafu, moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 1966 walipofika penye udongo, metri 1.387 chini.

Dansgaard akaomba apewe vipande apime. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakatoa habari ya hali ya hewa ya miaka kama 100.000. Kwa mara ya kwanza watu waliona katika barafu yenyewe jinsi dunia ilivyoingia katika wakati mrefu wa baridi na jinsi ilivyotoka. Yale aliyoyaona mwindaji wa Lourtier katika mawe yalikuwa yameandikwa pia katika maji.

5. Mapovu katika glasi

Sasa tuhamie kusini. Mwaka 1957 kijana Mfaransa, Claude Lorius, alikaa karibu mwaka mzima Antaktika pamoja na wenzake wawili, katika kibanda kidogo kilichozikwa chini ya theluji. Kituo chao kiliitwa Charcot, kilometri 320 kutoka pwani. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo hangetaka kuiona barafu tena. Lakini alirudi mara nyingi.

Mwaka 1965, jioni moja baada ya kazi, yeye na wenzake walitia vipande vya barafu ya kale katika glasi zao za whisky. Barafu ilipoyeyuka, mapovu madogo yakapanda na kupasuka. Lorius akayatazama. Theluji inapoanguka ina hewa kati ya chembe zake. Inapokandamizwa na kuwa barafu, hewa hiyo hufungiwa ndani kama hewa ndani ya chupa. Basi mapovu yale yalikuwa hewa ya kale yenyewe, ambayo hakuna mtu tena awezaye kuivuta. Lorius akafikiri: Tukiweza kuyafungua mapovu haya bila kuyachanganya na hewa yetu, tutajua dunia ilikuwa ikipumua nini.

Ilichukua miaka mingi kupata ufundi huo. Mnamo mwaka 1980 wataalamu wa Grenoble, Ufaransa, na wa Bern, Uswisi, walionyesha kwamba katika wakati mkuu wa baridi ile hewa itokayo motoni na katika pumzi zetu, iitwayo hewa ukaa, ilikuwa chache kuliko katika nyakati zetu. Lakini walihitaji fimbo ndefu zaidi ya barafu, nayo ilikuwa mikononi mwa Warusi.

Kituo cha Warusi huko Antaktika kinaitwa Vostok. Tarehe 21 Julai 1983 palipimwa hapo digri 89,2 chini ya sifuri. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili, moto uliteketeza nyumba ya mashini za umeme, na mtu mmoja akafa. Majira ya baridi yalikuwa yameanza, na ndege haziwezi kutua huko wakati huo. Watu 20 waliobaki wakaishi miezi mingi kwa kuota moto wa majiko waliyojitengenezea wenyewe. Wakaokoka. Na kazi ya kutoboa barafu ikaendelea katika kituo hicho.

Siku zile Marekani na Urusi zilikuwa zikitishana kwa mabomu. Hata hivyo mwaka 1984 Lorius, Mfaransa, alipanda ndege ya Wamarekani akaenda kwa Warusi wa Vostok, akarudi na barafu yao. Serikali hazikupatana, lakini watu hao walikula meza moja. Mwaka 1987 wakatoa habari ya miaka 160.000. Mwaka 1999 ikatolewa ile ya miaka 420.000. Baadaye nchi kumi za Ulaya, Ubelgiji ikiwa mmojawapo, zilitoboa mahali paitwapo Dome C, na mnamo Desemba 2004 zikafika metri 3.270. Barafu hiyo imeandika miaka 800.000. Na mwezi wa Januari 2025, karibu na hapo, wametoa barafu yenye umri wa zaidi ya miaka 1.200.000.

6. Maneno yaliyosomwa

Basi daftari linasema nini?

Neno la kwanza: dunia haikukaa katika hali moja. Katika miaka hiyo 800.000 nyakati za baridi na nyakati za joto zilifuatana. Wakati wa mwisho wa baridi kali ulikuwa kama miaka 20.000 iliyopita. Maji mengi yalifungwa katika barafu, hata bahari ikashuka metri 120 hivi. Wala sisi hatukuwa mbali na mambo hayo. Hewa ya baridi hubeba maji machache, na mvua za Afrika zilipungua. Msitu wa Kongo ulipungukiwa na eneo, nyasi zikaenea mahali pa miti. Ziwa Victoria, ambalo leo wavuvi hawaioni ng'ambo yake, lilikauka, na kama miaka 15.000 iliyopita ndipo lilipoanza kujaa tena. Barafu ya mbali ilikuwa na jirani zake huku kwetu.

Neno la pili: joto na hewa ukaa vilipanda pamoja na kushuka pamoja. Katika nyakati za baridi, kati ya sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa sehemu 180 hivi. Katika nyakati za joto ilikuwa 280, na katika miaka yote 800.000 haikupita 300 ila kwa kiasi kidogo mno kama ilipita. Mwaka 1958, walipoanza kuipima hewa ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, ilikuwa 315. Sasa imepita 420. Tuseme wazi: katika kurasa zote zilizosomwa za miaka 800.000, hakuna ukurasa wenye hesabu kama hii ya leo.

Wengine husema: Ikiwa dunia ilipata joto na baridi zamani, kabla ya motokari na viwanda, kwa nini tuhangaike leo? Swali ni zuri, na lastahili jibu.

Ni kweli kwamba mabadiliko ya kale hayakuanzishwa na watu. Mserbia Milutin Milanković alifanya hesabu zake miaka mingi, akazitoa katika kitabu mwaka 1941. Alionyesha kwamba njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika polepole, na kwamba dunia yenyewe huinama na kuyumba kama pia ya watoto. Jua la majira ya joto likipungua upande wa kaskazini, theluji haiyeyuki yote, na barafu huanza kukua. Katika miaka ya 1970 André Berger, wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, alizifanya hesabu hizo upya kwa usahihi zaidi. Jua ndilo lililoanzisha. Hewa ukaa, iliyotoka baharini joto lilipopanda, ikaliongeza joto hilo.

Lakini tazameni mwendo wake. Wakati wa baridi ulipokwisha, hewa ukaa ilipanda sehemu 80 hivi, na kupanda huko kulichukua miaka kama 7.000. Tangu mwaka 1958 imepanda zaidi ya sehemu 100, na miaka 70 haijatimia. Wala safari hii si jua lililoanzisha. Ni makaa ya mawe, mafuta na gazi tunavyovichoma, na misitu inayokatwa. Mzee ashukaye mlima kwa miguu hufika chini. Na yule aangukaye kutoka juu ya mwamba hufika chini pia. Njia ni tofauti.

Neno la tatu limepatikana karibuni. Mnakumbuka Camp Century. Mafundi walipofika chini ya barafu mwaka 1966, walitoa pia udongo kidogo. Udongo huo ulisahauliwa ndani ya friza miaka mingi, mpaka mwaka 2017 ulipoonekana tena mjini Copenhagen. Walipouosha na kuutazama wakakuta vijiti na majani ya mimea! Mwaka 2023 wataalamu walieleza kwamba udongo huo uliliona jua kama miaka 400.000 iliyopita. Maana yake mahali palipo na barafu ya zaidi ya kilometri moja palikuwa na mimea. Na barafu ya Antaktika inatuambia kwamba siku hizo hewa ukaa ilikuwa 280 hivi tu. Barafu ya Greenland si mwamba usiotikisika.

Ni kweli pia kwamba nchi yetu imechoma mafuta na makaa ya mawe kidogo sana kuliko nchi za viwanda. Lakini hewa haina mipaka wala paspoti. Moshi wa jirani huingia nyumbani kwako hata kama hukupika.

7. Kitabu kinachonyeshewa

Sasa turudi katika bonde la Bagnes. Juu ya bonde hilo unasimama mlima Grand Combin, na juu yake barafu ya Corbassière. Wataalamu wa siku zetu walitaka kuchukua fimbo za barafu za milima mbalimbali na kuzitunza Antaktika, ili wasomaji wa kesho wazikute hata kama milima itabaki mawe matupu. Mwaka 2018 walitoboa kidogo juu ya Grand Combin, na kurasa zilisomeka vizuri. Mwaka 2020 wakarudi kuchukua fimbo ndefu. Kumbe, katika miaka miwili tu maji ya kuyeyuka yalikuwa yamepenya ndani, yamekwisha kuziosha alama. Barafu ilikuwapo, lakini maandishi yake yamepotea. Ilikuwa imechelewa, na hapo ndipo nchi ya mwindaji yule aliyeanza kuisoma barafu kwa macho yake matupu.

Jambo hili latugusa hata sisi. Kule Beni, mawingu yakifunguka asubuhi, Ruwenzori huonekana. Wakonzo wana jina lao la theluji yake: nzururu. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele vyake, barafu ya mlima huo ilikadiriwa kuwa kilometri za mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 haikufika hata kilometri moja ya mraba, na tangu hapo imeendelea kupungua. Kilimanjaro nayo ilipoteza karibu sehemu 80 katika 100 za barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2000. Mwaka 2000 Mmarekani Lonnie Thompson aliwahi kutoboa huko na kutoa fimbo sita; barafu ya chini kabisa aliikadiria kuwa na miaka 11.700. Alifika kitabu kikiwa bado kinasomeka.

Hatuwezi kupanda Ruwenzori na mashini za kutoboa. Lakini liko daftari jingine lililo karibu nasi, nalo pia haba na haba linakwisha. Huko chini ya mlima wako bado wazee waliouona ukiwa mweupe kuliko leo, walioyajua maji ya mito yake yalivyokuwa na majira ya mvua yalivyofuatana. Waende vijana wakawaulize: Mlipokuwa watoto, weupe wa mlima ulishuka mpaka wapi? Mvua ya kwanza ilianza mwezi gani? Mto gani ulikuwa haukauki? Wayaandike majibu, pamoja na jina la mzee na mwaka, wayahifadhi mahali pakavu.

Sorge alianza na shimo la metri 15, na Dansgaard alianza na chupa moja. Kijana mwenye kalamu na daftari la shule, aketiye karibu na mzee mmoja, naye ameanza.